Waliokuja Kununua Bomba la Sindano

Kuna pendekezo limeanza kuzunguka katika vikao vya mitaa hapa Songea, na wanaolitoa ni watu ninaowaheshimu: maduka ya dawa yaache kuwauzia vijana mabomba ya sindano. Hoja yao ni fupi. Unga umefika, vijana wanajidunga, na anayewauzia sindano anawasaidia kujiua. Tangu Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilipotangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamphetamine katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa, wazazi wa huku wameingiwa na hofu ambayo zamani hawakuwa nayo. Iringa ni njia yetu ya kila siku, mabasi yetu ya Dar hupita huko.

Mimi nimeuza dawa Lizaboni kwa zaidi ya miaka ishirini. Mabomba nimewauzia wengi, na wengine nilijua vizuri wanakwenda kuyafanyia nini. Sijutii. Vijana wa namna hiyo niliowazika hawakufa kwa kuzidisha unga. Walikufa kwa usaha.

Nianze na duka lenyewe, maana historia yake ni yetu. Kabla ya 2003 tulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kwa sheria yalitakiwa kuuza vidonge vya maumivu, dawa za kikohozi na vitu vya namna hiyo. Kwa kweli yaliuza kila kitu, chini ya kaunta, tena kwa mkono wa mtu ambaye pengine jana yake alikuwa anauza vitenge. Mwaka huo Mamlaka ya Chakula na Dawa, ikishirikiana na shirika la Kimarekani la Management Sciences for Health kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, iliuchagua mkoa wa Ruvuma kujaribia kitu kipya: Duka la Dawa Muhimu. Maduka yakakaguliwa. Sisi wauzaji, wengi wetu wauguzi wasaidizi, tukaingizwa darasani kwa wiki kadhaa, tukafundishwa kuandika rejesta na kumhoji mgonjwa, tukaruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki ambazo awali zilikuwa za famasi tu. Jaribio likafaulu, likaenea nchi nzima. Watu wa Dar wamezoea kwamba kila jipya linaanzia kwao. Hili lilianzia hapa chini ya Matogoro, na wao wakaja kuliiga.

Darasani tulifundishwa malaria, kuhara na nimonia ya watoto. Tulifundishwa maswali ya kumuuliza mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Hakuna aliyetutajia mtu anayejidunga, na silaumu. Songea ya wakati ule ilikuwa na bangi, ulanzi na kangara. Unga ulikuwa habari ya redioni.

Wa kwanza niliyemtambua alikuja na shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kwenye viganja, mchana wa Novemba, joto lile la kungojea mvua.

“Shikamoo, dokta.” Huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe nyuma ya kaunta ni dokta, ukatae usikatae. “Naomba rangi mbili. Vinne.”

“Marahaba. Vinne vya nini?”

“Jipu.”

“Ingia ndani unionyeshe.”

Alisita, akatazama mlangoni, kisha akapandisha shati. Kwenye kunjo la kiwiko palikuwa na uvimbe uliovutika mpaka ngozi inang'aa, katikati njano ya usaha imeshajitokeza. Mstari mwembamba, wa moto ukiugusa, ulipanda kutoka hapo kuelekea kwapani. Kandokando ya mshipa yalikuwapo makovu madogo, yamepangana kwa mstari mpaka karibu na kiganja. Nilimuuliza anatumia nini kujidunga. Akatoa mfukoni bomba lililoviringishwa kwenye karatasi ya sigara. Namba za mililita zilikuwa zimefutika kwa kushikwashikwa. Nilipoisogeza sindano kwenye mwanga wa mlango niliona ncha yake imejikunja. Akaniambia ikigoma kuingia huinoa kwenye ubavu wa kiberiti, kisha huilamba ili kuisafisha.

Alikuwa ametoka Tandale. Miaka aliyoishi Dar ilimpa ufundi wa magari na unga, na kaka yake, baada ya kuibiwa televisheni, alimkatia tiketi ya basi la alfajiri akampakia. Baadaye niliona kwamba hadithi hiyo si yake peke yake. Ndugu wakishindwa na kijana Dar, au Tanga, au Unguja, humrudisha kwa mama, wakiamini unga haujui njia ya Songea. Unga unaijua. Na hata mahali usipofika, kijana hufika na kile alichokuja nacho mwilini.

Alichokuja nacho yule hakikuwa siri ya kitabibu. Ndani ya pua ya takribani mtu mmoja kati ya watatu, na juu ya ngozi za wengi wetu, anaishi bakteria aitwaye stafilokokasi. Akiwa juu ya ngozi hana neno na mtu. Ngozi ndiyo boma, na sindano ndiyo inayotoboa boma. Ukiipitisha kwenye ngozi isiyooshwa unamsukuma ndani mwenyewe, na ukiilamba kwanza unamwongezea wenzake wa kinywani. Sindano butu huchana nyama badala ya kutoboa, na nyama iliyochanika ndiko wanakopenda kukaa. Maji ya kuchanganyia hutoka kwenye chupa iliyookotwa. Unga wa kahawia hauyeyuki bila tindikali, basi hukamuliwa ndimu, na ndimu iliyolala huwa na fangasi anayeweza kusafiri kwa damu mpaka jichoni, akapofusha.

Siyo kwamba unga wenyewe ni safi. Huko Uskoti, kati ya Desemba 2009 na mwisho wa 2010, watu 119 waliotumia heroini waliugua kimeta au walihisiwa kukiugua, na 14 wakafa. Kimeta hichohicho kinachoua ng'ombe, kimeingia ndani ya mzigo mahali fulani njiani. Lakini mambo ya namna hiyo ni ya nadra. Usaha wa kila siku hautoki kwenye kete. Unatoka kwenye ngozi, mate na ncha ya sindano, vitu ambavyo sabuni na bomba jipya vinaweza kuvimaliza.

Nilimkatalia vile vidonge vinne vya antibayotiki. Jipu lililoiva halitibiwi kwa kidonge, kwa sababu dawa haipenyi kwenye mfuko wa usaha. Linapasuliwa na mtu anayejua, usaha ukatoka, na akiwa na homa au mstari kama ule ndipo antibayotiki inaongezwa, tena dozi nzima. Nilimwandikia kikaratasi akaenda kituo cha afya. Kabla hajaondoka nilimuuzia mabomba mapya kadhaa na kipande cha sabuni. Bomba moja halikufika bei ya soda.

Jirani yangu wa biashara aliyaona yale mabomba. Jioni akanijia: “Dokta, unafuga mateja.” Nikamwambia, huyu akitoka kwangu bila bomba hataacha kujidunga usiku huu, atajidunga kwa lile lililopinda. Hakukubali, na hadi leo hajakubali, ingawa tunasalimiana vizuri.

Naielewa hasira yake. Teja anaiba, anadanganya, anaomba nauli ya kwenda msibani kwa mtu aliye hai. Lakini kukosa bomba hakujawahi kumfanya mtu aache. Dar es Salaam waliliona hilo kwa namna ambayo mpaka sasa inanisisimua mwili. Heroini nyeupe, inayoyeyuka kwa maji matupu, ilipozagaa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, waliokuwa wakivuta wakahamia kwenye sindano. Mwaka 2005 mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake waliandika juu ya wanawake wa mjini humo waliokuwa wakipeana damu: mmoja akishajidunga, huvuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake aliyeshikwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ajidunge, wakiamini damu ile ina unga wa kutosha kumtuliza. Mtu aliyefika hapo hazuiwi na duka lililokataa kuuza. Ndiyo maana Médecins du Monde, walipoanza kazi na mateja wa Temeke mwanzoni mwa miaka ya 2010, waliweka sindano safi miongoni mwa vitu vya kwanza kugawa.

Mwaka fulani baadaye mama mmoja wa Mfaranyaki alinifuata dukani kuulizia dawa ya tambazi. Mwanawe paja limevimba, gumu, hawezi kukunja goti, usiku anaweweseka. Kila aliyekulia huku anaijua imani ile: tambazi haichomwi sindano, ukimchoma mgonjwa umemuua, kwa hiyo hospitali si mahali pake. Tusiicheke. Imani ile imetokana na macho ya watu. Wameona wagonjwa wakipelekwa wodini siku ya mwisho, usaha umeshatambaa ndani ya misuli na sumu imeshaingia kwenye damu, wakachomwa sindano asubuhi na mchana wakafa. Sindano ikabeba lawama ya kuchelewa.

Nilikwenda kumwona. Kijana alikuwa na akili zake bado. Mama yake alipotoka kuchota maji nilimuuliza swali moja, akanijibu kwa kutikisa kichwa: ndiyo, pale pajani, mshipa wa mkono umeshakufa. Tulimpeleka hospitali. Daktari, kijana mwenye haraka, alimuuliza kwa sauti mbele ya mama na shangazi na wagonjwa wa vitanda vya jirani, “Wewe unatumia madawa?” Akasema hapana. Nani angesema ndiyo? Faili likaandikwa jipu la kawaida. Nikamfuata daktari koridoni, nikamnong'oneza, akabadilisha mpango wake palepale, na paja likapasuliwa jioni ile ile. Chupa ya usaha iliyotoka nisiielezee.

Pale nilijifunza kuuliza faraghani, na kuuliza kama mtu anayeuliza kabila la homa na si kabila la dhambi. Nilijifunza pia jambo dogo ambalo sijaona likipewa uzito: pepopunda. Mama mjamzito huchanjwa, mtoto huchanjwa, lakini mwanamume mzima wa Songea, kama si mwanajeshi au hajakanyaga msumari, hakuna anayemkumbuka. Na kidonda kichafu cha sindano ndicho mlango ambao pepopunda inaupenda.

Wa tatu namtaja kwa ufupi. Uvimbe wake ulikuwa kwenye kinena, na rafiki zake walikuwa wameshamwita fundi wa mtaani anayetumbua majipu kwa wembe. Aliletwa kwangu kununua pamba na spiriti ya kazi hiyo. Niliweka vidole viwili juu ya uvimbe. Ulikuwa unadunda, sawasawa na mapigo ya moyo. Hilo halikuwa jipu la kutumbuliwa. Ulikuwa mshipa mkubwa wa damu, ule unaoleta damu kutoka moyoni, umeoza ukuta kwa maambukizo na kutuna. Wembe ungegusa pale, asingefika barabarani. Nilifunga duka nikaenda naye mwenyewe. Madaktari waliufunga mshipa, na mguu ulibaki. Kila mtu anayeshika wembe mtaani angefundishwa jambo hilo tu, la kuweka vidole viwili kwanza na kusikiliza, tungekuwa tumepiga hatua.

Lakini aliyenikaa moyoni ni dada mmoja aliyefanya kazi baa, jirani na mahali yanapoegeshwa malori ya makaa ya mawe yanayotoka Mbinga. Ugonjwa wake niliusoma kwenye vyeti. Alikuja na cheti cha kwanza: malaria, ingawa kipimo kilisema hana. Wiki mbili baadaye cheti cha pili: taifodi. Halafu akaja bila cheti, akanunua antibayotiki nusu dozi duka la wenzangu, homa ikashuka siku tatu na kurudi. Akakohoa, ubavu ukamchoma akivuta pumzi, akatema makohozi yenye michirizi ya damu. Makohozi yalipimwa yakaonekana hayana kifua kikuu, picha ya kifua ikaonyesha madoa pande zote mbili, akaanzishiwa dawa za TB kwa kuitazama picha. Katika nchi yenye TB kama yetu simlaumu sana aliyeandika. Siku aliyokuja kununua panadol, miguu imevimba, niliona alama kwenye vifundo. “Dada,” akaniambia, “mimi natumia. Hawajaniuliza, nami sikusema.”

Kinachotokea ni hiki. Damu ya mishipa ya mikono na miguu inarudi upande wa kulia wa moyo. Bakteria aliyeingizwa na sindano hukutana kwanza na vali ya upande huo, akajishikiza, akajenga juu yake kichaka cha uchafu na damu iliyoganda. Kila moyo unapopiga, vipande hukatika na kusukumwa mapafuni, vikatengeneza vijipu vidogovidogo huko. Hivyo mgonjwa wa moyo anakohoa na kutapatapa kama mgonjwa wa kifua, na picha yake inamdanganya daktari. Kipimo cha kumtoa kwenye giza ni kuotesha damu: inachukuliwa mara mbili au tatu, kutoka sehemu tofauti za mwili, kabla ya antibayotiki ya kwanza. Kabla. Vidonge vichache vya dukani haviponyi vali, lakini vinatosha kumnyamazisha bakteria ndani ya chupa ya maabara, na jibu likarudi kwamba hakuna kilichoota. Wenye maduka tukitaka kujua sehemu yetu katika vifo hivi, tuiangalie nusu dozi kabla hatujaliangalia bomba.

Dada yule alilazwa, hospitali siitaji. Safari hii daktari aliambiwa ukweli wote, akausikiliza moyo, akasikia mvumo, akamwanzishia dawa za mshipa. Matibabu yake kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6, dawa ikiingia kwenye mshipa mara kadhaa kila siku. Siku ya pili homa ilianza kushuka. Usiku wa siku hiyo hiyo arosto ikaja.

Aliyeiona arosto mara moja hawezi kusema ni deko. Inaanza kwa miayo na makamasi kama mafua. Halafu ngozi inasisimka, tumbo linakatika, mtu anatapika na kuhara kwa pamoja, mifupa inauma kiasi kwamba hawezi kulaza mguu mahali pamoja. Alimwomba nesi wa zamu amsaidie. Akajibiwa avumilie, alijitakia mwenyewe. Nesi mwingine, kwa kuogopa kwamba ataitumia kanula kujidungia, akaing'oa. Hofu hiyo ina msingi, sikatai, lakini kanula ikitoka na dawa imetoka. Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu. Kwenye faili waliandika neno moja: ametoroka. Nilimzika kabla ya mwezi kwisha, na aliyesoma wasifu alisema marehemu alisumbuliwa na kifua.

Nimewahi kusoma habari za Albert Alexander, askari polisi wa Oxford, Uingereza, mtu anayehesabiwa miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo kabisa kuchomwa penisilini. Februari 1941 alikuwa kitandani, maambukizo yamemla uso, jicho moja limeshatolewa, mapafu yameingiliwa. Timu ya Howard Florey ikampa dawa ambayo wakati huo ilipatikana kwa gramu chache tu duniani. Baada ya siku chache homa ilishuka, akaanza kula. Walikuwa wakikusanya mkojo wake, wakiichuja penisilini iliyotoka nao ili wamrudishie. Haikutosha. Dawa ikaisha, ugonjwa ukarudi, na tarehe 15 Machi akafa. Yeye alikosa dawa kwa sababu haikuwapo. Dada yetu dawa ilikuwapo kabatini, imejaa, na bei yake si ya kutisha. Kilichomtoa kitandani ni arosto, nayo ina dawa.

Dawa hiyo Tanzania tunayo. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, baadaye nyingine mikoani. Anayeinywa kila siku mbele ya mhudumu hashikwi na arosto, hana sababu ya kutafuta kete saa kumi usiku, na anaweza kulala wodini wiki sita kama mgonjwa mwingine yeyote. Lakini, hasa kwa anayeanza, ni dawa ya kufuatwa kila siku. Mwaka 2017 ilipofunguliwa kliniki ya Mbeya, tuliokuwa huku tulifurahi, kisha tukapiga hesabu: zaidi ya kilomita 400 kupitia Njombe na Makambako. Hakuna anayesafiri hivyo kila asubuhi. Niliwaona wawili wakihamia Mbeya moja kwa moja, mmoja kwa shangazi yake, mwingine bila ndugu. Wa shangazi alidumu.

Ndiyo maana ninapoliwaza lile pendekezo la vikaoni nawaza juu ya wodi zaidi ya maduka. Tuseme tumekubaliana, hakuna duka Songea litakalomuuzia kijana bomba. Mabomba yaliyopo yatazunguka mikono mingi zaidi, yatapinda zaidi, na baada ya miezi michache wodi itapokea usaha mwingi kuliko leo, ikiwa na maneno yale yale ya “alijitakia”. Ningependa nguvu hiyo ya vikao iende kwa mganga mkuu na kumuuliza swali jingine: mtu wetu akilazwa na moyo umeoza, arosto yake itatulizwa na nani, kwa dawa gani, kuanzia usiku wa kwanza?

Najua linawezekana kwa sababu nimeliona. Kijana mmoja wa Bombambili, mwenye ugonjwa ule ule wa vali, aliangukia mikononi mwa daktari ambaye hakuona haya kutumia akili yake. Alimwandikia morfini ya kunywa, ile ile wanayopewa wagonjwa wa saratani, kwa vipimo na saa maalumu, mbele ya nesi. Kanula ikafungwa bandeji na kuwekewa sahihi juu ya plasta kila zamu, ili aliyeigusa ajulikane. Mama yake alihamia uani mwa hospitali na jiko lake la mkaa. Kijana alikuwa mkorofi, aligombana na mgonjwa wa kitanda cha pili juu ya redio, mara moja alikutwa nje ya geti na sijui alikwenda kufanya nini. Lakini alirudi, maana hakuwa anakimbia maumivu. Wiki za mwisho madaktari walimmalizia kwa vidonge vya nyumbani. Jambo hilo zamani lingeitwa uzembe, ila utafiti wa Denmark uliochapishwa 2018, wenye wagonjwa 400 waliokuwa wameshatulia, ulionyesha kwamba baadhi yao wanaweza kumalizia kwa vidonge bila kupata madhara zaidi. Kweli, wale walikuwa wagonjwa wa vali za kushoto, na waliokuwa wakijidunga miongoni mwao walikuwa wachache mno. Daktari wetu aliliongea hilo wazi na yule mama, akamtaka amlete kila wiki. Akamleta.

Je, aliacha unga? Aliacha, akarudi, akaacha tena. Sasa anaziba pancha za bodaboda, na akirudi kwenye mambo yake anakuja kwangu kununua bomba mchana kweupe bila kunong'ona. Vali yake ina kovu, na mtu mwenye kovu la namna hiyo akikwenda kung'olewa jino lazima atangulize antibayotiki, kwa kuwa bakteria wa kinywani wakimwagika kwenye damu wanaitafuta vali ile ile.

Mwezi uliopita alinijia na shavu limevimba na cheti cha daktari wa meno: amoksilini gramu 2, kwa mara moja, saa moja kabla ya kung'oa. Vidonge vya miligramu 500 ni vinne. Ni yeye aliyecheka kwanza, maana anaujua ugomvi wangu na watu wa vinne. Nilimhesabia, nikamwandikia saa juu ya pakiti, nikampa na glasi ya maji kwa sababu miadi yake ilikuwa saa nne na saa ya ukutani kwangu ilikuwa tatu kamili. Akadai punguzo la shilingi mia mbili. Sikumpa.